Kinywa cha Ndalahwa

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Nimenunua daftari hili dukani Usagara kwa sababu nyumbani sina mtu wa kumnung'unikia. Mume wangu, Mayala, ni fundi wa injini kwenye pantoni pale Kigongo. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumapili. Siku zingine zote nakaa huku mlimani na wazazi wake, mimi Celestina, Mhaya, mwalimu wa darasa la kwanza, mke wa mwaka wa tatu asiye na mtoto.

Leo jioni baba mkwe, Mzee Ndalahwa, amenitupia methali nyingine. Nilichelewa kutoka shule, ugali ukawa na madonge. Hakusema kwamba ugali una madonge. Aliutazama moto, akatoa msemo wa wazee juu ya mwanamke na chungu, kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nisikose hata tone. Mama mkwe, Ng'washi, akainamisha kichwa. Mimi nikaendelea kutafuna.

Sitauandika hapa. Humu ataingia yeye mwenyewe, ng'ombe wake na kikohozi chake. Misemo yake itabaki nje.

Jumamosi, 7 Septemba

Mayala amekuja na sato wawili. Nilimweleza. Akacheka. "Baba hakusemi wewe, Celestina. Anasema tu. Hata ng'ombe anawasema hivyo hivyo."

Nikamwambia ng'ombe wanazaa. Akaacha kucheka.

Alhamisi, 12 Septemba

Vumbi. Jua kali. Watoto wamesinzia darasani, na mimi nusura.

Jumapili, 15 Septemba

Tumepata mgeni: Katibu Kata mpya, Bwana Kamugisha. Kijana wa kwetu Bukoba! Suti yake ya chunilai, ile ya kola ya Kichina, imepigwa pasi utadhani hakupita kwenye vumbi. Alinisalimia kwa Kihaya, akauliza ukoo wangu, tukakuta mama yake mdogo ameolewa jirani na kwetu. Sijui lini nilicheka hivyo mara ya mwisho. Nilimpikia ndizi nilizokuwa nazitunza.

Baada ya kula alieleza kilichomleta. Watu wote wa mlima huu na wa ng'ambo ya bonde watahamia kijiji kimoja, kule chini kando ya barabara kuu. Kitaitwa Umoja. Kutakuwa na shule ya matofali, zahanati, na bomba la maji. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Watoto wengine wa darasa langu wanatembea asubuhi nzima kufika shuleni.

"Tatizo ni watu," alisema. "Mimi wananisikia kwa masikio tu. Mzee hapa wanamsikia kwa tumbo."

Baba mkwe alipenda maneno hayo, nilimwona. Alisimama, wakaenda wawili hadi zizini, wakakaa kule muda mrefu wameegemea miti ya zizi. Sikusikia walichosema. Waliporudi, mzee alikuwa anatazama chini, Kamugisha alikuwa anatabasamu.

Jumapili, 22 Septemba

Mkutano umefanyika leo kwenye uwanja wa shule. Lazima niueleze vizuri, maana sijawahi kuona kitu kama kile.

Mwenyekiti wetu, Chenge, alianza. Akasoma maagizo. Watu wakamtazama kama wanavyotazama mvua ya mbali. Kamugisha akafuata na hotuba nzuri kuhusu maendeleo. Wakapiga makofi ya adabu. Kisha baba mkwe akapewa kipaza sauti.

Alikishika kwa mikono miwili kama kibuyu. Hakupaza sauti. Alianza na msemo mmoja wa siafu, lakini alitoa nusu tu, kisha akanyamaza. Na ule umati wote, wanawake kwa wanaume, ukamalizia nusu iliyobaki! Akatoa mwingine, wa kuni. Nusu. Wakamalizia kwa kelele zaidi. Wa tatu ulikuwa wa mgonjwa na dawa chungu. Wakati huo watu walikuwa wanacheka, wengine wamesimama. Niliona jinsi anavyofanya. Hamwambii mtu hama. Anamwachia nafasi, mtu anajiambia mwenyewe.

Kumbe anayonifanyia mimi jikoni ni makombo tu.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia, "Baba, leo umesema vizuri."

Nilingoja anijibu kwa msemo. Akasema tu, "Kiu imenishika."

Jumamosi, 28 Septemba

Tereza alinifuata kisimani. Ni jirani yetu wa chini kidogo, mjane. Binti yake wa pekee, Milembe, yuko darasani kwangu, anakaa mstari wa mbele na anaandika 'm' zenye miguu minne.

"Mwalimu, wewe unaonaje? Nihame?"

"Kuna zahanati, Tereza. Kuna shule karibu."

"Mimi sijali bomba wala nini. Mzee Ndalahwa akisema pafaa, basi panafaa. Tangu mume wangu afe sijafanya neno bila kumuuliza yeye." Akajitwisha ndoo yake. "Nitatangulia, nipate kiwanja kizuri."

Jumatano, 9 Oktoba

Safari zimeanza. Watu wanabeba milango vichwani. Wengine wanang'oa miti ya paa, wengine wameambiwa wataikuta mingine huko. Tereza amepata kiwanja mstari wa kwanza, karibu na barabara kabisa, na amefurahi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wasiotaka kuhama wamechomewa paa leo, upande wa ng'ambo. Moshi tumeuona tukiwa darasani. Milembe aliniuliza kama wanachoma shamba. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ninaandikia ndani ya darasa, ndiko tunakolala.

Asubuhi walikuja mgambo na Kamugisha na Chenge. Baba mkwe alikuwa ananoa shoka. Aliwakaribisha, akaagiza wapewe viti. Hawakukaa. Chenge akasema, huku anatazama minyaa ya uani, "Mzee, ni zamu ya mji huu."

"Zamu gani?"

"Ya kuhama."

Baba mkwe alicheka kidogo, akamgeukia Kamugisha. "Mwanangu, mwambie basi. Si tuliongea?"

"Tuliongea nini, mzee?"

"Pale zizini. Ulisema mji wangu, nyumba na zizi, utabaki. Ulisema makaburi ya baba zangu hayataachwa peke yake. Ulisema mimi nikuletee watu, wewe utaniachia mlima wangu."

Majirani waliokuwa bado hawajahama walikwishasogea. Vijana wa mgambo, wa hapa hapa, wengine niliwafundisha kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, walisimama wima kama miti. Wote walisikia. Mimi pia nilisikia. Kamugisha akarekebisha kola ya suti yake.

"Mzee, agizo ni la watu wote. Nikikuacha wewe, wengine nitawaambia nini?"

"Wengine nimewapeleka mimi!"

"Na Serikali inakushukuru sana."

Kisha akawapungia mkono vijana. Walianza na nyumba yangu na Mayala, halafu ya wazee. Ukuta wa udongo haupigi kelele unapoanguka, unapumua tu, puu, na vumbi linatoka kama mtu amefungua debe la unga. Mama mkwe alikaa chini katikati ya uwanja akiwa amekumbatia jiwe la kusagia. Nilimfuata Kamugisha, nikamsemesha kwa Kihaya. Nilimwambia, "Umekula kwangu." Akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya ofisini, "Mwalimu, tusichanganye mambo."

Baba mkwe alienda nyuma ya zizi, kwenye makaburi, akasimama huko mpaka walipomaliza.

Jumapili, 20 Oktoba

Umoja. Viwanja vimepimwa kwa kamba, vimenyooka kama madawati. Tumepewa cha mstari wa tatu. Hakuna mti hata mmoja. Udongo ni mweusi na umepasuka nyufa pana zinazoweza kumeza mguu wa mtoto.

Nikiwa namenya viazi na mama mkwe nilimuuliza, "Mama, kwa nini huku hapakuwahi kuwa na mji hata mmoja? Ardhi yote hii, na barabara hii hapa."

Aliendelea kumenya. "Ni mbuga."

"Najua ni mbuga."

"Mvua ikishiba, hapa ni ziwa. Babu yake Mayala alipoteza ng'ombe hapa, walizama matope mpaka shingoni. Baba Mayala alikuwa kijana, ndiye aliyetumwa kuwavuta."

Kisu changu kikasimama. "Kwa hiyo baba alijua."

"Kila mzee alijua," akasema. "Ila wengine walipotaka kulisema, yeye alikuwa ameshasema. Nani atasimama baada yake?"

Nilimtazama baba mkwe. Alikuwa anachimba msingi wa nyumba yetu mpya, anatoa udongo mweusi mabonge mabonge, kwa uangalifu sana, kama mtu asiyejua lolote.

Jumanne, 5 Novemba

Njaa. Tumepanga foleni ya unga wa njano. Mayala anasema hata Mwanza mjini ni hivyo hivyo. Redio inahimiza tulime kufa na kupona. Tulime nini? Udongo ni chuma.

Habari ya yale maneno ya zizini imezunguka kijiji chote. Watu bado wanamwamkia mzee, lakini hawasimami.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna mvua. Baba mkwe anaangalia mbingu kila asubuhi. Watu wengine wanaiomba mvua. Yeye sijui anaomba nini.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua! Mvua ya kwanza, nzito, yenye harufu. Watoto wametoka uchi wakicheza. Milembe alikimbia mstari wote wa kwanza na kurudi, mdomo wazi, anakunywa. Tereza alisimama mlangoni kwake akacheka mpaka akajishika ubavu. Aliniita kwa mbali, "Mwalimu! Sasa tutapanda!"

Mzee alikaa ndani.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua tena. Viatu vyangu vimebaki njiani, matope yamevivua.

Jumapili, 8 Desemba

Tumeamka maji yako ndani. Si mto, si gharika ya kuonekana inakuja. Ardhi imekataa tu kumeza. Maji yamesimama kila mahali, meusi, kutoka barabarani hadi miguuni mwa mlima, na nyumba zetu zimekaa ndani yake zimenyooka kwa kamba kama tulivyoagizwa. Kuta za udongo mbichi zinateleza kuanzia chini. Vyoo vimefurika. Kisima kilicho katikati ya kijiji hakionekani kilipo, ila kwa yale magogo ya ukingo.

Tumelalia meza. Mama mkwe yuko juu ya jiwe lake la kusagia na mfuko wa mbegu mapajani. Bomba halijaja. Zahanati ni nguzo nne.

Jumamosi, 14 Desemba

Watoto wanaharisha. Kwanza wa mstari wa pili, sasa kila mstari. Nimezunguka kuwaambia wachemshe maji. "Kwa kuni zipi, mwalimu?" Nilitazama. Kweli, kwa kuni zipi?

Jumatatu, 16 Desemba

Wamezikwa watoto wawili leo, kwenye mwinuko mdogo pembeni mwa barabara. Makaburi yalikuwa yanajaa maji wakati yanachimbwa. Wanaume walikuwa wanayakomba kwa ndoo.

Alhamisi, 19 Desemba

Nitaandika yote, halafu sitayasoma tena.

Asubuhi Tereza alikuja amembeba Milembe mgongoni. Mtoto alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Macho yamezama. Alinitambua, akasema "Shikamoo mwalimu," na mimi nikasema marahaba.

Lazima afikishwe Usagara kwenye dawa. Magari yalikuwa hayapiti, barabara imekatika mbele ya daraja dogo. Tulikuwa tumeshafunga khanga tuanze kutembea alipotokea baba mkwe na ng'ombe wake wawili na mkokoteni. Hakuna aliyemwita. Alisema, "Mpandisheni." Tereza alimtazama, akasita, akapanda na mtoto. Mimi nilishika kamba mbele pamoja na mzee.

Tulipita pembeni ya barabara ili tukwepe pale palipokatika. Yeye ndiye aliyechagua njia. Tulisogea, tukasogea, kisha gurudumu la kushoto likazama. Ng'ombe walivuta, likazama zaidi. Mzee akaingia kwenye matope hadi kiunoni, akaweka bega chini ya mkokoteni akasukuma. Sijawahi kusikia mzee akilia kama mnyama, lakini ndivyo alivyolia, kwa kusukuma. Ng'ombe mmoja akapiga magoti.

"Baba, tumbebe!" nilipiga kelele. "Tuache mkokoteni, tumbebe!"

"Mara moja tu," alisema. "Mara moja tu watavuta."

Tereza alikuwa amekaa juu, amemfunika mtoto kwa khanga, anampepea kwa pindo lake. Halafu nikaona ameacha kumpepea. Aliweka mkono wake kwenye kifua cha mtoto, akauacha pale. Mzee alikuwa bado anasukuma. Ilibidi niingie matopeni nimshike mkono, nimwambie aache.

Jumamosi, 21 Desemba

Matanga. Wanawake tumejaa kwenye nyumba ya Tereza iliyobaki na kuta tatu. Wanaume nje, wamesimama kwa sababu hakuna pakavu pa kukaa. Baba mkwe naye alikuja. Alisimama mbali na wenzake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsogelea.

Mchana Tereza alinyanyuka mkekani. Tulidhani anakwenda kujisaidia. Alitoka nje moja kwa moja mpaka mbele yake.

Akaanza kusema ule msemo wa siafu. Wote, nusu ya kwanza na ya pili, kwa sauti ya kawaida. Akasema ule wa kuni. Akasema ule wa mgonjwa na dawa chungu. Hakukosea neno. Aliyashika yote tangu ule mkutano, kama mtoto anavyoshika sala.

Kisha akamuuliza, "Baba, na leo kuna upi?"

Kinywa cha mzee kilifunguka. Niliona ulimi wake ukitafuta. Mtu huyu ana msemo wa ugali wenye madonge, ana wa mvua, wa kikohozi, wa mke asiyezaa. Watu wote walimngoja, hata mimi, Mungu anisamehe, nilimngoja.

"Hakuna, mwanangu," akasema.

"Basi ungetuambia hivyo mapema," Tereza akajibu. Akarudi ndani.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mayala amekuja. Anataka tuhamie Kigongo, kwenye chumba chake. Nimemuuliza mama yake ataachwa na nani.

Jumatatu, 13 Januari 1975

Shule imefunguliwa. Nimeita majina ya darasa na nimejifunza kuyaruka ya waliozikwa bila kusimama.

Watoto wametunga wimbo juu ya mzee. Wanachukua nusu ya msemo wake mmoja na kumalizia kwa matusi. Wanauimba akipita. Nilitaka kuwachapa. Nilipofika karibu nikaona kwamba anayeongoza ni kaka wa mmoja wa waliozikwa. Nikaishusha fimbo.

Alhamisi, 30 Januari

Nyumbani baba mkwe hatoi methali tena. Leo niliunguza mboga, akasema, "Mboga zimeungua." Basi. Miaka mitatu niliitamani siku hii. Nilikula mboga zilizoungua mpaka zikaisha.

Bado simsamehe. Lakini siwezi tena kumchukia kwa raha kama zamani.

Jumatatu, 10 Februari

Tangazo: wataalamu wamekuja, wamepima, wameona kwamba Umoja hapakai watu. Tutahama tena, twende juu kidogo, mguuni mwa mlima upande wa mashariki. Walivyolitangaza ungedhani wamegundua kitu.

Jumapili, 16 Februari

Mkutano wa kuhama. Watu walikuja wachache, wakagoma kukaa karibu. Kulikuwa na wageni wa wilayani, na mmoja wao ni Kamugisha. Amepandishwa cheo, ana Land Rover na dereva. Suti mpya. Alinijia kabla mambo hayajaanza, akanisemesha Kihaya, laini kama siku ile ya ndizi.

"Dada Celestina, mwombe mzee atuchangamshie watu kidogo. Wanamsikia."

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa nguvu ili wote wasikie: "Mwombe mwenyewe, bwana mkubwa. Mnajuana kutoka zizini."

Alienda kumwomba mwenyewe. Nilidhani mzee atakataa. Alikubali, upesi.

Akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mkono mmoja. Watu wakangoja ile nusu ya kwanza. Unaweza kuwachukia watu na bado ukawajua: niliwaona baadhi wamekwishafungua vinywa.

"Mimi nilijua kuwa hapa panajaa maji," alisema.

Akanyamaza. Hakuna wa kumalizia, maana hapakuwa na cha kumaliziwa.

"Nilijua tangu nikiwa kijana. Huyu bwana aliniahidi kwamba mimi nitabaki kwangu, na makaburi ya baba zangu. Kwa hiyo niliwaleta. Nilitumia maneno ya wazee kwa sababu mngeyakubali. Wazee hawakuyasema kwa ajili hiyo. Mimi ndiye niliyeyapeleka huko." Alikohoa. "Sasa mnahama tena. Mimi nililinda makaburi ya watu waliokufa zamani. Ninyi mnaacha ya watoto wenu kwenye maji."

Kisha akataja majina. Polepole, moja moja, na jina la mama wa kila mtoto. La Milembe alilitaja mwisho.

Kutoka nyuma mwanamume mmoja alipiga kelele, "Hayo ungeyasema Septemba!"

"Kweli," mzee akajibu. "Ningeyasema Septemba."

Kamugisha alikwishasimama. Akachukua kipaza sauti kwa upole, akasema mzee amechoka na atapelekwa apumzike. Mgambo wawili wakamshika mikono, wakampakia kwenye Land Rover. Hakuna aliyesogea. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekimbia nyuma ya Land Rover, akiwa na kanzu ya mumewe mkononi, mpaka vumbi likamfunika. Wanaume wote wale niliowaona Septemba wakicheka na kusimama, hakuna hata mmoja aliyeshuka barabarani kumshika bega.

Tereza alikuwepo. Sikuweza kusoma uso wake.

Jumatano, 19 Februari

Mayala amekwenda kituo cha polisi. Wamemwambia baba yake anahojiwa kwa kukwamisha operesheni ya vijiji. Amempelekea blanketi. Hawakumruhusu kumwona.

Ijumaa, 28 Februari

Tunahama. Naandika juu ya sanduku, nikingoja mkokoteni wa jirani.

Jumanne, 11 Machi

Wamemwachia. Ametembea kutoka barabarani peke yake, amekonda, jino moja la mbele halipo. Ng'washi alimchemshia maji akamwosha miguu mbele yetu wote, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika hadharani. Mayala, aliyekuwa amepewa ruhusa kazini, alitoka nje.

Hapa ni pazuri kuliko kule, lazima niseme. Kuna mwinuko, maji yanateremka. Tungeweza kuletwa hapa tangu mwanzo. Kila mtu anasema hivyo, kila siku, kwa kila mtu, isipokuwa kwa wale wanaopaswa kuambiwa.

Jumamosi, 15 Machi

Tereza ndiye pekee ambaye hajajenga. Alikuwa analala mara kwa shemeji yake, mara kwa dada yake. Juzi alipewa kiwanja, na leo asubuhi nilimwona anaburura miti peke yake. Nilifunga khanga niende nimsaidie. Baba mkwe alikuwa amekwishatangulia na jembe begani.

Nilisimama mbali kidogo. Sikutaka kusikia, na nilitaka kusikia.

Alipofika aliweka jembe chini, akavua kofia. Tereza hakusimama kumwamkia. Mzee akafungua kinywa.

"Usiniambie kitu," Tereza akasema. "Chochote. Hata pole."

Akafunga kinywa.

"Ukiweza kuchimba, chimba. Ukishindwa, rudi kwako."

Akachimba. Udongo wa huku ni mwekundu, una changarawe, jembe linagonga na kuruka, na mikono yake bado imevimba toka kule alikokuwa. Alichimba shimo la nguzo ya kona, akahamia la pili. Tereza alikuwa anapima kwa kamba, anaweka alama kwa kisigino pale anapotaka shimo lijalo, bila kumwangalia. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kidogo, kisha wakaendelea na safari zao.

Jua lilipokuwa kali, Tereza alileta nguzo ya kwanza akaitumbukiza. Mzee aliishika isimame wima, kwa mikono miwili, na Tereza akashindilia udongo kwa mguu, kuizunguka yote, hadi ilipoacha kutikisika. Kisha akaenda kuleta ya pili.